Hema Namba Arobaini na Moja

Wenzake wa kazini humwita Mama Shuka, na jina hilo limemkaa kuliko alilopewa na wazazi wake. Kila mwaka, siku chache kabla ya tamasha kubwa la muziki, huja uwanjani na wanawake wengine kutandika vitanda katika mahema ambayo wageni huyakuta yamekwisha simamishwa. Kila hema lina godoro, shuka mbili, blanketi, mito, taa ya betri na mkeka wa plastiki mlangoni. Mgeni hana kazi ila kuvua viatu na kujilaza. Mama Shuka ana mkono mwepesi na maneno machache, na ana sharti moja ambalo msimamizi alikwisha choka kuliulizia: hema namba arobaini na moja hulitandika yeye, peke yake, la mwisho kabisa.

"Humo umeficha bwana," wenzake humtania.

"Kama ni bwana, basi ni mtulivu kuliko wa kwenu," huwajibu, akaingia na kufunga zipu.

Humo ndani hafanyi mengi. Hukaa chini, pembe ya kushoto, mpaka pumzi itulie. Kisha hutandika na kutoka.

Kabla ya tamasha, uwanja ule ulikuwa shamba la maua. Nyuma ya mabanda palikuwa na nyumba za wafanyakazi, safu mbili za vyumba vya bati vilivyotazamana kama watu waliogombana. Mama Shuka aliishi chumba cha mwisho, msichana aliyekata mawaridi tangu alfajiri, mikono imejaa miiba. Mumewe alikuwa mnadi wa mitumba. Alisafiri na marobota yake kutoka soko hadi soko, na sauti yake ilikuwa ya kumtoa nyoka pangoni. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa mnadi akiwa safarini, akafa mnadi akiwa bado huko. Alikuwa wa kike. Siku hizo simu hazikuwa mikononi mwa kila mtu. Wanawake majirani walimzika karibu na kisima, kabla ya king'ora cha kazi, kwa sababu uongozi wa shamba ulikataza makaburi. Hawakuweka jiwe wala alama yoyote. Hakuwa na jina, maana walikuwa wakimsubiri baba aje ampe.

Baba alirudi na soksi ndogo za sufu mfukoni. Alipoambiwa, alikaa juu ya robota mpaka jua likazama, akainuka, akasema, "Haya." Hakuomba kuonyeshwa mahali. Baadaye walihamia mjini, wakapata watoto wengine wawili, na hao aliwapa majina siku ileile waliyozaliwa, kama mtu anayekimbizwa. Wa kwanza hakutajwa tena. Mama Shuka alizoea hali hiyo kama mtu anavyozoea jino bovu: alitafunia upande wa pili.

Shamba lilipofilisika, nyumba zilivunjwa. Mwaka wa kwanza wa tamasha, Mama Shuka alipokuja kuomba kazi ya vitanda, kisima kilikuwa bado kipo, kimefunikwa zege, na karibu nacho lilisimama hema namba arobaini na moja. Alipima kwa macho, akapima kwa miguu, akarudia. Hema lilikuwa juu ya mwanawe. Mwaka uliofuata kisima kilikuwa kimefukiwa, greda limepita, nyasi zimepandwa, na uwanja mzima umelala tambarare bila mti wala kichuguu. Namba tu ndiyo iliyobaki. Akaishika namba.

Mwaka huu koo la mnadi lilikwaruza, likakwaruza, mpaka wateja wake wakaanza kuuliza bei mara mbili. Alilaumu vumbi la mitumba. Daktari hakulaumu vumbi. Alimchorea picha kwenye karatasi, akamwonyesha uvimbe ulipo, akaeleza kwamba kisanduku cha sauti kitatolewa chote.

"Utakula, utapumua, utaishi," alisema daktari. "Lakini sauti, mzee, hiyo hatutaweza kukuachia. Na kwa sasa usiilazimishe, iko ukingoni."

"Basi nitanadi kwa mikono," alisema mnadi, akacheka peke yake.

Nyumbani hakuwasha redio. Aligusa chakula, akakisogeza. "Kule unakokwenda kutandika," alimwambia mkewe, "ndiko aliko?"

Hakuhitaji kusema nani. Kijiko cha Mama Shuka kilisimama njiani.

"Ndiko."

"Unapajua kabisa?"

"Napajua."

"Nipeleke kabla hawajanikata. Nataka kumpa jina, kwa mdomo wangu. Baadaye nitabaki kuandika kwenye vikaratasi, na yule hakuwahi kwenda shule."

Wafanyakazi hawaruhusiwi kuingiza ndugu zao uwanjani, kwa hiyo ilibidi waende kama wageni. Binti yao wa mwisho, muuzaji katika duka la dawa, ndiye aliyewawekea nafasi kwa simu. Hakuwahi kuambiwa kwamba alikuwa na dada mwingine.

"Mama, tangu lini baba anapenda muziki wa vijana?"

"Tangu alipoambiwa anakatwa koo."

"Hakatwi koo, anafanyiwa upasuaji."

"Wewe bonyeza hiyo simu. Namba arobaini na moja."

"Kuna mengine hapa ya pembeni, yana feni na—"

"Arobaini na moja."

"Haya, bi harusi. Fungate njema."

Waliingia siku ya pili ya tamasha, mchana, baada ya mvua. Msichana wa mapokezi aliwafunga mikanda ya zambarau mikononi, akampa mnadi ramani ambayo mnadi alimkabidhi mkewe bila kuifungua. Njia ilikuwa tope tupu. Wenzake wa Mama Shuka, waliokuwa wakibadilisha foronya safu ya mbele, waliweka mito chini wakapiga goti kwa mzaha.

"Shikamoo, mgeni rasmi!"

"Marahaba. Nyoosheni hizo pembe, nimeziona."

Hema la jirani lilikuwa la vijana waliojipaka rangi usoni. "Karibuni wazee!" walipiga kelele. "Huku halali mtu!"

"Mimi nitalala," alisema mnadi kwa sauti yake ya msasa. "Nyie niamsheni mkipata kazi."

Walicheka, naye akafurahi kidogo. Ndani alikaa kitandani, akatazama kuta za turubai, akatazama chini. Hakuuliza kitu. Alisema tu kwamba hawezi kumwendea mtoto na jasho la safari, akachukua taulo na sabuni akaenda bafuni.

Mama Shuka alitoka nje kusubiri. Hapo ndipo alipomkuta fundi wa mahema, yule wanayemwita Kigingi, amechuchumaa kwenye kona ya nyuma ya hema na nyundo yake ya mpira. Kamba moja ilikuwa imelegea, na kigingi chake kimelala kwenye tope kama samaki aliyetupwa.

"Mama Shuka! Umekuwa mteja? Sasa nani atanitukana nikikanyaga shuka?"

"Funga hema langu, acha maneno."

"Hiki nimekosea mwenyewe. Nimekigonga kwenye tundu la zamani." Alikisogeza pembeni, akakipiga mara mbili tatu. "Hapa mwaka juzi palikuwa na vyoo. Usimwambie mzee."

Mama Shuka alicheka, kisha kicheko kikamkwama. "Vyoo viko kule nyuma. Siku zote viko kule nyuma."

"Nyuma ya mahema, ndiyo. Lakini mahema yenyewe si yanasogea? Udongo ukishatobolewa haushiki, mama. Ukirudia palepale, unakuja upepo mmoja tu na hema linaondoka na mgeni ndani. Kwa hiyo kila mwaka tunavuta kila kitu nyuma, kuelekea barabarani. Lango, njia, mahema, vyoo, jukwaa, vyote. Ukiingia unaona kama hakuna kilichogeuka."

"Na namba?"

"Namba ni kibati na uzi. Tunaning'iniza tukishamaliza."

Mama Shuka alishika ile kamba iliyokazwa. Ilikuwa ngumu kama chuma.

"Mwaka wa kwanza," alisema, "arobaini na moja ilikuwa wapi?"

Kigingi alinyoosha nyundo kuelekea jukwaani, ambako maelfu ya watu walikuwa wakirukaruka. "Kule wanakoruka wale. Au mbele zaidi, kwenye jenereta. Siwezi kuapa. Kwani ulidondosha kitu?"

"Kitu kidogo."

"Basi kisamehe, mama," alisema Kigingi, akabeba nyundo yake akaenda hema la pili.

Mama Shuka aligeukia jukwaa. Alijaribu kukumbuka kisima kilivyokuwa kimekaa, barabara ilivyoonekana kutoka pale, lakini barabara yenyewe ilikuwa imepanuliwa na uzio ulikuwa mpya. Miaka yote ile alikuwa amejifungia zipu akikaa na nyasi. Na mwaka huu alikuwa amemleta mumewe palipokuwa na vyoo. Wazo hilo lilipita, likarudi, likakataa kuondoka.

Amwambie? Upasuaji ulikuwa Jumatatu. Mumewe hakuwahi kununua hata shati moja bila kuligeuza ndani nje kutafuta tundu, na mtu wa namna hiyo akisikia "labda kule, labda pale" hatafungua mdomo. Atasema "haya", kama alivyosema siku ile, na safari hii "haya" itakuwa ya mwisho. Lakini akimwonyesha hapa, atakuwa amemuuzia kitu ambacho hana.

Aliporudi ndani alimkuta amekwisha rudi. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, amesukuma kitanda kando peke yake, amekunja turubai la sakafuni. Nyasi za chini zilikuwa zimelala, za njano, na katikati yake palikuwa na kizibo cha soda.

"Umekawia."

"Nilikuwa natazama watu."

"Ni hapa?"

Mama Shuka alifunga zipu ya mlango kwanza. "Ni hapa."

"Una hakika?"

"Baba, nani mwingine wa kujua?"

Mnadi alikitoa kizibo, akakitia mfukoni. Alipiga magoti kwa shida, mkono mmoja kwenye fremu ya kitanda. "Kichwa kimeelekea wapi?"

Alionyesha ukuta wa upande wa vijana. "Huko."

Mume alijisogeza, akakaa sawa na kichwa hicho. "Mlimfunga na nini?"

"Shati lako la buluu." Hilo lilikuwa kweli.

"Lile shati," alisema mnadi. "Nililitafuta sana lile shati."

Kisha aliinama mpaka paji la uso likakaribia nyasi, na wakati huohuo jukwaa liliwaka. Bendi iliyokuwa ikisubiriwa tangu asubuhi ilikuwa imepanda. Mdundo uliingia kupitia ardhini, kuta za hema zikatetemeka, taa ya betri ikacheza kwenye ndoano yake. Mama Shuka alimwona mumewe akisema. Midomo ilikwenda, ikasimama, ikaenda tena, kwa muda mrefu, kama mtu aliyeweka akiba ya maneno. Hakusikia hata moja. Mwishoni mnadi aliinua kichwa, akajaza kifua, akaitoa ile sauti ya sokoni kwa nguvu zote zilizobaki, neno moja, na kikohozi kikalikata njiani.

"Mzee, punguza!" kijana mmoja alipaza sauti ng'ambo ya turubai. "Hatusikii muziki!" Wenzake wakaangua kicheko.

Mnadi alikohoa mpaka machozi yakamtoka. Mkewe alimpa maji, akampangusa kidevu, akamsaidia kukaa kitandani. Uso wake ulikuwa umelegea, mwepesi, kama wa mtu aliyetua mzigo na hajazoea mikono mitupu.

"Umemwitaje?" aliuliza Mama Shuka.

Alimtazama kwa mshangao: hukusikia? Akafungua mdomo kumwambia. Ilitoka hewa. Akajaribu tena, mishipa ya shingo ikasimama, ikatoka hewa tena. Hakuonekana kuhuzunika. Alinyoosha kidole chini, kwenye nyasi za njano, kisha kuelekea kwa mkewe, akatabasamu. Muulize mwenyewe, ndivyo alivyomaanisha. Alijilaza na shati lake jeupe, akageukia ukuta.

Mama Shuka alirudisha turubai, akalikanyaga pembe zikalala. Alimfunika mumewe. Kisha akavaa viatu vyake vya tope akatoka, akapita safu za mahema yaliyofanana, akashuka kuelekea kwenye umati.

Walimpisha mwanzoni, wakidhani anapita tu. Kadiri alivyoingia ndani ndivyo walivyobanana, na aliinamisha kichwa akitazama chini, kati ya viatu vyao, kwenye tope lililovurugwa na makopo yaliyobondwa. Mtu alimkanyaga kidole, akaomba radhi. Mwingine alimwita bibi, akamwambia acheze. Kila mdundo ulipofika waliruka wote kwa pamoja, na ardhi ikapokea.

Mlinzi mwenye fulana ya njano ndiye aliyemshika mkono akamtoa pembeni, karibu na jenereta, akamwinamia sikioni.

"Mama, hapa utaumia. Unatafuta nini?"

"Binti yangu."

"Amepotea? Mkubwa au mdogo?"

"Mdogo."

Mlinzi hakupoteza muda. Alitoa redio yake kiunoni, akaipeleka mdomoni. "Usiogope, mama. Tutamtangaza sasa hivi pale jukwaani, wimbo ukiisha. Anaitwa nani?"

Mama Shuka alimtazama. Alitazama jukwaa, na watu, na tope.

"Jina analijua baba yake," alisema.

"Baba yake yuko wapi?"

"Yupo hemani. Sauti imemkatika."

Mlinzi alishusha redio taratibu. Wimbo ulikuwa umekwisha na watu walikuwa wakipiga makofi.

"Sasa, mama," alisema, "nitangaze nini?"