Siku Bathsheba Alipofagia Orwaki

Bathsheba hakuwa mtu wa uchafu, na hilo ndilo lililomponza. Mjane huyu wa upande wa Ikonge alifagia ua wake mara mbili kwa siku, na ole wake kuku aliyepita hapo baadaye.

Juu ya shamba lake la chai palikuwa na orwaki, boma la mawe ambamo wazee wa zamani walijificha na ng'ombe wao wakati wa vita. Babu ya marehemu mumewe alizaliwa humo. Basi mwaka 1974, wapimaji wa barabara ya chai walipochomeka vigingi katikati ya mawe hayo, Bathsheba aling'ang'ana. Alikwenda kwa miguu hadi ofisini Nyamira, akarudishwa. Akaenda tena, akarudishwa. Mara ya tatu aliketi mlangoni mpaka karani, kwa kuchoka naye, akaandika barua Nairobi. Jibu likaja: mtaalamu wa mambo ya kale angefika Jumapili, na akiona ushahidi wa kutosha, barabara ingezungushwa. Shemeji yake Momanyi, nyapara wa barabara hiyo, alimwahidi kwamba tingatinga litasubiri.

Jamani, furaha ikamzidi akili. Mgeni wa Nairobi apokewe penye magugu na matope? Ijumaa, siku ambayo Wasabato huandaa kila kitu kabla ya jua kuzama, aliwaita akina mama wa kanisani waje na majembe. Walifyeka, wakang'oa mizizi, wakachimbua vigae vya vyungu, wakazoa majivu ya meko ya wazee na kuyatupa bondeni. Mawe yaliyoanguka wakayapanga upya, yakanyooka. Vigae wakaviosha mtoni, wakavitia kwenye ungo. Nani kati yetu asingefanya hivyo?

Mtaalamu alifika, kijana mpole mwenye daftari. Alizunguka boma mara moja, akasimama, akauliza majivu yako wapi. Bathsheba akamletea ungo kwa fahari.

"Mama, kila kimoja kilikuwa wapi?"

Bathsheba akaonyesha boma lote kwa mkono. Kijana akaeleza taratibu kwamba kigae kikiwa ardhini pale kilipoachwa, pamoja na majivu yake, husema ni cha lini na cha akina nani. Kikishaoshwa ni kipande cha chungu tu. Hata kuta zenyewe sasa zilikuwa za akina mama wa kanisani, si za wazee. Aandike ushahidi gani? Akafunga daftari. Bathsheba alishikwa na aibu, akakaa chini kwenye udongo.

Alhamisi tingatinga lilipita. Jioni Momanyi alikuja kumpa pole, akaanza kusema kwamba yeye ni mtu wa kutumwa tu.

"Shemeji, usijitese," Bathsheba alimkatiza. "Wewe umekuta kazi imekwisha. Orwaki niliibomoa mimi, Ijumaa, tena nikamwomba Mungu aibariki kazi hiyo."