Ukuta wa Kichwani pa Mama

Juzi nilipita Karatu nikakuta vijana wakibomoa nyumba ya mabanzi. Chini ya banzi moja ukamwagika ule unga wa mti uliooza, na harufu yake, msomaji mwenzangu, ikanirudisha kijijini kwetu Buger, masika moja ya miaka ya sabini, nilipokuwa binti mdogo.

Mama alikuwa amejifungua mtoto aliyekwisha kufa. Kwa desturi yetu Wairaqw, nyumba ikawa metimani: hakuna kutoka uani, hakuna mgeni kuingia, wala kuazima moto au chombo, mpaka wakati utimie. Nyimbo za shule zilinifikia kwa mbali, kupitia mvua. Tulikula ugali na mlenda, tukasikiliza bati, tukachokana.

Nyumba yetu ilikuwa ya mabanzi yaliyopigiliwa kwenye nguzo. Bibi, aliyezaliwa kwenye tembe, nyumba ya udongo ya zamani, alikuwa amelundika udongo ukutani kwa nje kuzuia upepo wa Ngorongoro, kama walivyofanya kwao. Tembe huvumilia udongo. Banzi huoza nao. Asubuhi moja Baba alichoma kisu kwenye ukuta wa kichwani pa kitanda cha Mama, kikazama hadi mpini. Alipobandua mabanzi, nguzo zilikuwa zimelika chini, zinaning'inia tu kwenye paa. Mama alikuwa na homa, hawezi hata kuketi, na chumba kikavu kilikuwa hicho kimoja.

Jirani yetu, fundi seremala wa Kichaga, aliona kutoka ng'ambo ya ua wa minyaa.

"Jirani! Tegemeza paa kwanza, ndipo ukate! Nikuletee mbao?"

"Ukivuka hapo," Bibi alimjibu, "utaubeba msiba wetu mpaka kwa wanao."

"Basi, mama, acha mdomo wangu uvuke peke yake."

Akawa anapiga kelele, Baba anafuata. Paa likategemezwa kwa gogo, sehemu mbovu zikakatwa, mawe yakapangwa chini, udongo wote wa Bibi ukaondolewa. Misumari ya zamani niliinyoosha kwa jiwe. Zikakosekana mbao. Baba alisimama na msumeno akiuzunguka ua kwa macho, kama dume lililofungiwa zizini. Kisha akaung'oa mlango wa mbele.

"Umechanganyikiwa?" Bibi akauliza.

"Mlango wa nini, Mama? Nani anaingia? Nani anatoka?"

Fremu ikaunga nguzo, mbao zikaziba ukuta. Mlangoni tukatundika ngozi ya ng'ombe. Mvua ilipopiga upande ule, ukuta haukutikisika, na Mama akalala bila kutetemeka. Homa ikaanza kushuka.

Tulipofunguliwa, Baba alitaka kuurudisha mlango mahali pake. Mama akakataa. "Uache," alisema. "Huo ndio ukuta pekee nisiouogopa."

Siku hizi mwanamke aliyefiwa na kichanga hafungiwi. Majirani hujaa kwake siku hiyohiyo, nami nashukuru. Nyumba nazo ni za tofali. Uzeeni mwake nilimwuliza Mama kama alituchukia kwa kukaa naye kimya mle ndani, bila kumtaja mtoto. Alisema kimya hicho hakukikumbuka. Alichokumbuka ni nyundo karibu na kichwa chake, na kwamba kwa kila pigo alijua kuna mtu anataka aishi.