Maziwa Kwenye Gurudumu la Kulia

Choijil hakuwa mtu wa maneno. Ukimsalimia asubuhi, jibu unaweza kulipata jioni, na hapo ujue amechangamka. Kazi yake ilikuwa kuvusha watu mlimani, kutoka mji wetu hadi makao makuu ya mkoa, kwa jipu kubwa jeupe, zito kuliko mahema yetu yote yakiwekwa pamoja.

Kila safari mama yake, Bibi Gombosuren, alitoka na kikombe cha maziwa ya kubariki njia. Wanawake wengine hunyunyiza matone machache nyuma ya gari linaloondoka, basi. Yeye alimwaga. Alimwaga kwenye gurudumu la mbele la kulia, upande wa heri, mpaka rimu ifurike. Mwanawe mdogo aliwahi kuondoka kwa hasira bila maziwa, maiti yake ikaja kuonekana theluji ilipoyeyuka. Nani angemwambia mama huyo apunguze?

Vuli ilipoingia, jipu likaanza kuvuta kushoto kila likifungwa breki. Fundi wetu Nyambuu akavua magurudumu.

"Kaka Choijil, njoo uone maajabu. Pedi za kushoto zimelika sawasawa, kama meno ya mtu mwenye adabu. Huku kulia, ya nje ni mpya kabisa, ya ndani imebaki bati tupu."

"Kwa nini?"

"Breki inabana diski pande zote mbili, na ili ibane sawa lazima iteleze kwenye vijiti hivi. Vyako havitelezi, vimegandana." Akakwangua kwa kucha, akanusa. "Mama yako anakausha jibini humu ndani."

Wanaume waliokuwa wakiota jua pale wakacheka hadi wakashika magoti. Choijil hakucheka.

"Mwambie anyunyize hewani," Nyambuu akasema. "Mbingu haiwezi kukosea gari."

"Mwambie wewe."

"Mimi? Nina watoto wadogo, kaka."

Nyambuu akasafisha vijiti na kuweka pedi mpya, naye Choijil akajitafutia njia yake. Akishapokea baraka, alisimama nyuma ya kilima cha kwanza na kuosha gurudumu kwa maji moto ya chupa ya chai. Abiria walidhani ni sala. Ikaja baridi ile inayogandisha mate hewani, maji yakawa yanaganda kabla hayajadondoka, akaacha kuosha. Jipu likarudia kuvuta kushoto. Nyambuu akamwambia alete gari. Choijil akasema baada ya sikukuu. Na ukishuka ule mlima, kushoto ndiko kwenye korongo.

Kabla ya sikukuu, tumbo la Bibi Gombosuren likafunga. Alitapika kijani usiku kucha. Muuguzi wetu akasema utumbo umejisokota, lazima apasuliwe leo, na gari la zahanati lilikuwa limeshaondoka na mgonjwa mwingine. Choijil akawasha jipu. Mama yake, amejikunja kama mundu, akagoma kupanda.

"Mama, ingia. Maziwa utamwaga tukirudi."

"Ukirudi umwagiwe ya nini? Nishike mkono, nguvu sina."

Akamshika kifundo cha mkono, wakamwaga pamoja. Maziwa yakaganda kwenye rimu Choijil akitazama.

Kupanda hakukuwa na shida. Kileleni akajaribu breki, na usukani ukamponyoka kuelekea korongoni. Akaurudisha, asimwambie mama yake kitu. Kwetu mtu hatamki balaa akiwa njiani. Ukilitaja, umeliita. Akaingiza gia nzito kuliko zote, akaiachia injini kazi ya kulizuia gari, wakashuka kwa mwendo wa mtu aliyebeba maji kichwani.

"Mwanangu, mbona tunatambaa? Hata mbuzi watatupita."

"Barafu, Mama."

"Juzi ulikuwa unaendesha kama mwizi wa farasi."

"Barafu."

"Baba yako alishuka hapa na ngamia wagonjwa, akafika kabla chai haijapoa." Akacheka, kicheko kikakatika kwa maumivu. "Ongeza moto, mwanangu. Naungua huku ndani."

Mguu wa Choijil ulienda kwenye mafuta, ukarudi. Gari lingine likawapita likipiga honi. Yule dereva alimjua, akampungia mkono kwa dhihaka. Mama yake alimtukana tena kwenye kona iliyofuata, kwa sauti ndogo, na kona ya baada ya hapo akanyamaza. Choijil aliendelea kushuka sikio likiwa nyuma, akisubiri atukanwe.

Walipofika tambarare, alasiri, alikimbiza jipu kama hana akili, akalisimamisha kwa kulipachika kwenye lundo la theluji mbele ya hospitali. Mama bado alikuwa anapumua. Alipowekwa kwenye meza ya upasuaji hakuwa anapumua tena.

Daktari, kijana mwenye macho mekundu ya kukesha, akatoka akivua glavu.

"Muuguzi wenu alipiga simu asubuhi. Tumewasubiri tumevaa tayari. Mlikwama wapi, mzee?"

"Njia ilikuwa mbaya," alisema Choijil.

Siku hiyo kila gari lililovuka mlima lilifika kabla ya chakula cha mchana.