Jina Ndani ya Mbolezi

Rael aliisoma aya ile kwa mara ya nne, na kwa mara ya nne hakuambulia kitu. Ilikuwa Aprili 1995, likizoni kwao Sori, amekaa kivulini kando ya nyavu ambazo mama yake, Helen, alikuwa ameanikia omena, dagaa wa ziwani. Mkononi alikuwa na kurasa kumi na mbili za fotokopi iliyofifia. Alikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, akisomea fasihi, na somo la nadharia lilikuwa limemwangusha. Akianguka tena, chuo kinamfukuza. Kwao yeye ndiye wa kwanza kuvuka kidato cha nne, na kijiji kizima kilikuwa kikimtazama.

Mwalimu Gichana alikuwa amempa njia moja ya kujinusuru: atafute utungo wa kwao, aupime kwa nadharia ya kurasa zile. Nadharia yenyewe, ukiivua misamiati ya kutishia watu, ilisema hivi: maneno yakishatoka kinywani hayana mwenyewe, na jina lililomo ndani ya wimbo halimrejelei mtu yeyote. Wasomi nao wana mambo yao.

Utungo haukuwa mbali. Helen alikuwa mwimbaji wa mbolezi, na kutoka Sori hadi Ndhiwa, msiba bila sauti yake ulionekana haujaanza. Rael akaazima redio ya kaseti kwa jirani.

"Niimbie mbolezi moja, Mama. Nataka kurekodi."

"Nani amekufa?"

"Hakuna. Ni ya masomo tu."

Helen aliendelea kugeuza omena. "Nyathina, mwanangu, mbolezi haiimbwi bure. Lazima iwe na jina. Sasa unataka nimtaje nani? Ndugu yako?"

Kwao kumwombolezea mtu aliye hai ni mwiko, ni kumwitia kifo. Rael aliujua mwiko huo tangu utotoni, ila hofu ya kufukuzwa ilikuwa imemziba masikio.

"Weka jina lolote, Mama. Nikikosa hii nitarudishwa nyumbani."

Helen aliacha kugeuza omena. Akanawa mikono, akajifunga leso kiunoni. Siku hizi leso ilimzunguka mara mbili, na ncha zikabaki. Binti alikuwa ameinama akitafuta kitufe cha kurekodia, hakuliona hilo.

"Helen, nyar Kabuoch," mama akaanza, yaani binti wa Kabuoch, kama walivyomwita tangu aolewe Sori. "Helen amelala, nani ataanua omena? Amelala, na mtoto wake bado yuko njiani."

Alijitaja mwenyewe ili asimtaje mtoto wa mtu. Rael alishtuka, lakini kanda ilikuwa inazunguka na yeye alikuwa na makala ya kuandika. Akaacha izunguke.

Na makala aliiandika vizuri, hilo tusimnyime. Aliisikiliza kanda mpaka akaishika yote kwa moyo, kisha akaeleza kwa kurasa nane kwamba Helen wa wimboni si mtu, ni neno tu linaloegemea maneno mengine. Gichana alimpa alama sabini na moja, na pembeni akaandika kwa wino mwekundu: "Sasa umeelewa."

Mficha maradhi, kilio humfichua. Helen alikificha kikohozi chake hadi Agosti, na habari ilipomfikia Rael chuoni, jeneza lilikuwa limeshatengenezwa. Mila ya kwao humtaka binti aingie kwa mamaye akiomboleza tangu langoni. Wanawake walipomwona anakuja na begi lake walinyamaza, wakamngoja aanze.

Mbolezi aliyoijua ilikuwa moja tu. Akaianza. Alipoimaliza na kurudi kwenye jina, sauti ilimkatika, akaketi chini pale pale mavumbini.

Metrine, mdogo wake marehemu, alimwinua. "Mbolezi hii sijawahi kuisikia," alisema, "na mimi nimezunguka misiba yote na dada yangu. Ni ya nani?"

"Ni yake, Mama Mdogo," Rael akajibu. "Alijiimbia kwa sababu yangu. Nami nikaandika kwamba ndani yake hamna mtu."