Nusu ya Kitabu cha Wegesa

Nakumbuka Jumamosi moja ya miaka ile ya foleni za sabuni, mwanangu, niliposhinda nyumbani kwetu Bweri nikiwa mzima kabisa, huku nimetuma salamu kwamba malaria imenilaza. Nakusimulia kwa sababu jana mwenzako wa darasani alipoingia nilikuona unafunika daftari lako. Ulidhani bibi haoni.

Nilikuwa najiandaa kwa mtihani wa kuingia chuo cha biashara. Mwenzangu alikuwa Wegesa, binti wa wakulima wa pamba wa Bunda, niliyesoma naye sekondari. Vitabu vilikuwa vimeadimika madukani sawa na sukari na mafuta ya taa. Wegesa ndiye aliyekuwa na kitabu cha mtihani huo, kapewa na mjomba wake. Akakikata katikati kwa wembe, tukagawana: nusu ya mbele hesabu, nusu ya nyuma maelezo ya biashara. Kitabu chake mwenyewe, sikia hilo. Kila Jumamosi tulikutana sokoni Butiama, kwa kuwa ni katikati ya kwao na kwetu, tukabadilishana.

Zilipobaki Jumamosi mbili, hesabu zilikuwa kwangu. Nikasikia kwamba nafasi za mkoa wetu ni chache mno. Roho mbaya ikaniingia. Siwezi kuipa jina jingine. Niliona nikimpa hesabu atanipita, maana kichwa chake kilikuwa chepesi kuliko changu. Ndipo nikaugua ule ugonjwa wa uongo. Jumamosi zote mbili Wegesa alikwenda Butiama, akapewa salamu zangu, akangoja hata hivyo mpaka soko likavunjika, akarudi Bunda na nusu ileile.

Asubuhi ya mtihani, hapa Musoma, alinikuta nje ya lango. Nilikuwa nimeandaa uongo mwingine, lakini hakuniuliza kitu. Alitoa nusu yake kwenye kikapu.

"Pole dada, umeumwa, zamu yako haikukufikia. Kaa hapa nikusomee haraka haraka, kengele haijalia."

Akanisomea. Za hesabu hakuuliza hata moja. Matokeo yalipobandikwa, jina langu lilikuwepo, lake halikuwepo.

Miaka ikaenda, biashara zikafunguliwa, vitu vikajaa madukani, nami nikapata kazi nzuri na nyumba hii unayoishi. Wegesa alirudi kwenye pamba. Siku moja nilimtembelea Bunda, binti yake Nyanjura akatuwekea chai. Alikuwa wa kwanza darasani, na alikuwa anamwomba mama yake amruhusu akajaribu chuo cha biashara kama mimi. Wegesa akacheka kwa upole.

"Hapana. Sisi hatunaga kichwa cha hesabu. Mimi nilijaribu, na huyu mama yako mdogo aliniona nashindwa."

Msichana alinitazama, akingoja niseme neno. Mwanangu, nilikunywa chai.

Nyanjura hakwenda chuo. Mwaka jana tumemzika mama yake. Matanga yalipokwisha nilimfuata jikoni nikamweleza yote, tangu wembe hadi ile malaria. Hakunitukana.

"Sasa unaniambia mimi ya nini, mama? Yeye amekufa akijiona mjinga."

Akaendelea kuosha vyombo. Nilisimama pale nikiona aibu ya uzee wangu wote.

Basi nisikilize. Mtihani ukikushinda unaweza kuurudia. Lakini ukimfanya mwenzako aamini kwamba hana akili, ataliamini hilo maisha yake yote, awafundishe na watoto wake, na wewe utakuwa unapita kwake kunywa chai. Kama umeshamficha kitu, mwambie angali anakusikia. Ile nusu ya hesabu ninayo kabatini, na sina wa kumpelekea.

Mungu akufungue akili siku ya mtihani, amfungue na mwenzako, na majina yenu yabandikwe kwenye karatasi moja. Haya, chukua daftari, nenda kwao kabla hajaanza kudhani kosa ni lake.