Wosia wa Mtu Mwenye Afya

Niliondoka nyumbani Bakoba, mjini Bukoba, kwa sababu nilitumwa, wala sikwenda kwa furaha. Mimi ni muuguzi wa wagonjwa wa akili. Miaka ile ya watu kuhamia vijiji vya ujamaa, habari za watu kujiua zilianza kutufikia Bukoba kutoka upande wa Muleba, zimechelewa, na kila moja imepewa jina la homa. Niliagizwa kuwafundisha wahudumu wa zahanati moja kumtambua mtu aliyekata tamaa na kumuuliza waziwazi. Nilijua watanificha. Mimi ni mtu wa kushuku. Mke wangu husema hata salamu naipima mara mbili.

Saa moja asubuhi basi liliondoka. Kufika Muhutwe, jirani yangu wa kiti, mwenye koti la kijivu, alikuwa ameshaniuliza mara tatu ninakwenda kuhesabu nini. Nikamwambia sihesabu.

"Mwenye daftari anahesabu," akasema, akageukia dirishani.

Muleba nilishuka mchana, nikatembea hadi kijijini penye zahanati ile. Wanafunzi walikuwa wanne, mmoja wao Ma Koku, mkunga wa makamo, aliyekaa karibu na mlango kama anayetaka kuondoka. Walinipa buni za kutafuna, kama mgeni anavyopewa kule. Ma Koku ndiye aliyeanza.

"Nikimuuliza mtu kama anawaza kujiua, si nitakuwa nimemfundisha?"

"Hapana. Aliye nalo moyoni hupata nafuu akiulizwa."

"Na akikubali, waitu," akaniita kwa heshima ya Kihaya, "polisi si watamchukua? Sheria inamshtaki anayejaribu."

Nikasema siri ya mgonjwa haitoki zahanati. Walitazamana. Hawakuniamini, na mimi sikuwaamini.

Siku ya pili, wakati wa chai, nikasikia kwamba Ta Rwegoshora, mzee aliyefiwa na mkewe, amewaita mashahidi na kutoa wosia. Kibanja chake chote, migomba na mibuni, amewagawia wapwa zake watatu. Mzee huyo alikuwa kwenye orodha ya watakaohamishiwa kijiji cha ujamaa. Papo hapo nikaona ujanja: amekifanya kibanja kuwa cha watu wasio kwenye orodha ili asiguswe. Jioni katibu wa kijiji, aliyenipa malazi, aliniuliza nimesikia nini, nikamweleza. Akatuma wito mzee afike ofisini kesho yake. Nilijiona mwerevu kweli.

Siku ya tatu Ma Koku hakuja darasani. Nikashuku amekimbia mafunzo. Nilipoulizia, nikaelekezwa kwa Ta Rwegoshora. Niliwakuta wamekaa kwenye migomba, karibu na makaburi ya familia, wakichambua maharage. Ma Koku aliinuka akanivuta pembeni.

"Umekuja kumkamata?"

"Kwa kosa gani?"

"Ndilo nakuuliza wewe, maana umemsemea kwa katibu." Akaninyooshea kidole. "Mtu wa kwetu hutoa wosia akiwa kitandani, au akiwa na safari ndefu. Huyu haumwi, na safari hana. Hakujibakizia hata mgomba mmoja wa kula! Wewe uliyetufundisha dalili, hukuiona?"

Nilinywea. Akili nyingi huondoa maarifa. Dalili ya mtu kugawa vitu vyake vyote niliiandika ubaoni mwenyewe.

"Umemuuliza?"

"Nimemuuliza asubuhi, kwa Kihaya. Akalia, akasema ndiyo. Wazazi wake na mkewe wamelala hapa, na yeye hataki kulala mbali nao. Alipanga iwe leo, kabla ya kwenda ofisini."

Siku hiyo ya leo niliipanga mimi, kwa mdomo wangu.

Nilikwenda kwa katibu nikamwambia nilikosea, mzee ni mgonjwa wangu na asiitwe popote. "Jana mjanja, leo mgonjwa?" aliuliza, akinitazama kama nilivyozoea kuwatazama wengine. Hata hivyo alifuta wito. Dada yake Ta Rwegoshora akahamia kwake, na wapwa wakapeana zamu ili asibaki peke yake. Juu ya kuhama sikuweza kuahidi lolote, na sikuahidi.

Asubuhi ya kurudi nilipita kumuaga. Nikauliza kama nilivyofundisha.

"Ta Rwegoshora, leo unawaza kufa?"

"Leo hapana. Kesho sijui. Uje uniulize."

Nilikuwa na begi begani. Nikaanza kusema habari za kuandika barua, Ma Koku akanikatiza.

"Kesho nitakuuliza mimi, Ta. Na keshokutwa."

Niliporudi Bukoba, mkubwa wangu wa kazi alitaka kujua kama ni kweli watu wa kule wanaficha. Nikamwambia ndiyo, humficha mgeni anayeuliza leo na kesho hayupo kuuliza tena.