Siku Waithera Alipoketi

Dada yangu Waithera haketi. Sisemi hivyo kumsifu. Nasema kwa sababu amenichosha. Ana kibanda cha chai pale Mai Mahiu, mahali malori husimama kabla ya kupanda mlima, na ndani kuna stuli ya mbao aliyoinunua siku alipofungua. Stuli hiyo nimeiona ikibeba sufuria, mkoba wa dereva, hata kuku. Waithera mwenyewe, hapana. Mteja akiwa amesimama, yeye ataketije? Na Mai Mahiu wateja hawaishi.

Mgala muue na haki yake mpe: kwa miguu hiyo hiyo alisomesha watoto watatu baada ya mume wake kufariki. Lakini mwaka jana miguu ilifura, presha ikapanda, akaanguka kando ya jiko. Daktari alimwambia waziwazi nikisikia, "Mama, usipojifunza kupumzika, siku nyingine ukianguka hutaamka." Waithera akasema, "Asante, daktari," kisha akashuka kitandani na kuanza kukunja shuka za hospitali. Ona huyo!

Watoto walipoona nyumbani hatatulia, wakachanga, wakatukatia tiketi ya meli kubwa ya watalii, ile inayozunguka visiwani kwa wiki nyingi. Njuguna, kifungua mimba wake, akanivuta kando. "Auntie, kazi yako ni moja tu. Aketi." Nikamwambia sawa. Kwani ni ngumu? Baharini atamchemshia nani chai?

Haki nilijidanganya. Siku za kwanza tulikuwa tukishuka bandarini kutembea, kwa hivyo sikugundua chochote. Kisha ikafika siku ambayo meli haikuwa na mahali pa kutia nanga. Maji mbele, maji nyuma, na kazi ya abiria ni kujinyoosha kwenye vile viti virefu kando ya bwawa na kuletewa juisi. Mimi nililala, si mjinga. Nilipofungua macho, kiti cha Waithera kilikuwa kitupu, taulo limekunjwa vizuri juu yake.

Nilimpata kwenye mkahawa wa juu. Amejifunga leso kiunoni, amepanga sahani chafu mkononi hadi kwenye kiwiko, na wazungu wanampa vikombe wakidhani ameajiriwa.

"Waithera! Umeingiwa na nini?"

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," akanijibu bila kusimama. "Tumekula chakula cha watu wiki nzima, Wanjugu. Huoni aibu?"

"Tumelipiwa!"

"Na hawa watoto wanaotuhudumia wamesimama tangu asubuhi. Hilo huoni?"

Jasho lilikuwa likimtiririka, sahani zinagongana mkononi. Niliogopa sana. Tuko katikati ya bahari. Akianguka hapa, nitamwambia nini Njuguna?

Kabla sijamshika, msimamizi wa mkahawa alifika. Hakumgusa Waithera, alimtabasamia. Aligeukia msichana mmoja aliyekuwa akihudumia meza zile, akamfokea kwa Kiingereza: mgeni anafanyaje kazi na wewe upo? Akaondoka. Msichana alibaki ameinama. Kwenye kibandiko cha kifuani palikuwa pameandikwa Adero, na chini yake, Kenya.

"Mathe," akasema polepole kwa Kiswahili, "mimi ni wa Karagita. Mama yangu anakata maua huko kwenye mashamba. Naomba nikwambie kitu, na sitaki kukukosea heshima."

"Sema, mwanangu."

"Hapa kazi yangu ni wewe uketi. Ukisimama, ni kama mimi sijafanya kazi."

Waithera alimgeukia. Mimi nimemsihi, daktari amemtisha, watoto wamelia. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwambia kwamba kuketi kwake ni kazi ya mtu. Akaweka sahani chini, moja moja, asivunje. Akafungua leso kiunoni.

"Nionyeshe mahali," akasema.

Na aliketi jinsi anavyofanya kila kitu, bila mzaha. Miguu juu, mgongo umeegemea, glasi ameishika kwa mikono miwili. Kila Adero alipopita, alimuuliza, "Niko sawa hapa?"

"Uko sawa, mathe."

Msimamizi alipotokea, Waithera alijinyoosha zaidi, akamwonyesha Adero kwa kidole na kusema kwa sauti, "Veri gudi! Veri gudi!" Nilicheka hadi mbavu zikauma.

Mchana akasinzia, kisha akalala kabisa, mdomo wazi. Tangu tukiwa wadogo sijawahi kumwona dada yangu amelala jua likiwaka. Adero alikuja akamsogezea mwavuli, akaenda zake kimya. Nilitazama vile visigino vilivyopasuka vikiwa juu ya mto mweupe, na machozi yakanitoka. Nilijivunia kuzaliwa tumbo moja na yeye.

Mwezi uliopita nilipita Mai Mahiu. Malori yamejaa, madereva wanaitisha chai kwa kelele, na Lynn, msichana aliyeajiriwa tuliporudi, anazunguka na birika. Nilimtafuta Waithera kwenye jiko, sikumwona. Alikuwa kwenye stuli, miguu juu ya kreti ya soda, anaongea na mteja aliyesimama.

Niliona vikombe vichafu mezani, nikaanza kuvikusanya.

"We Wanjugu!" akaniita, hata hakuinuka. "Weka hivyo vikombe chini. Unamharibia Lynn kazi."